Kateta Fupi, Kateta Ndefu

Jumatatu, 3 Novemba

Joto asubuhi: 38 na nusu. Jioni: 38.

Dokta Bénit alitaka niandike hayo tu, na kwa ajili hiyo nimenunua daftari zima. Lakini mimi nikishashika kalamu siwezi kuandika namba mbili nikanyamaza, hasa leo. Leo nimetoka hospitali sijui kulia wala kushoto.

Mume wangu Urbain alianguka na pikipiki mwezi wa nane, njia ya Kabimba, amebeba mbao za watu nyuma. Mfupa wa mguu wa kulia ukavunjika, ukatokeza nje. Kidonda kilifunga vizuri juu, tukamshukuru Mungu, tukachinja kuku. Kumbe ndani usaha ulikuwa unakula mfupa. Sasa Dokta anasema inatakiwa antibiotike ya kupitia mshipani, kila siku, majuma sita, bila kuruka hata siku moja. La sivyo mguu utakatwa chini ya goti. Alisema hivyo Urbain akiwa amekaa palepale, na Urbain akaitikia "ndiyo, Docteur" kama mtu aliyeambiwa kesho kutanyesha.

Njia ziko tatu. Ya kwanza, alale hospitali majuma yote sita. Ya pili, atibiwe nyumbani kwa kateta fupi, yaani kale kamrija ka plastiki kanakobaki ndani ya mshipa sindano ikishatolewa. Kanakaa siku tatu hivi, kanatolewa, kanawekwa kengine. Ya tatu ni nyumbani vilevile, lakini kwa kateta ndefu, inayoingizwa juu ya kiwiko na kwenda ndani mpaka karibu na moyo. Hiyo inawekwa mara moja tu, inakaa mpaka mwisho. Hapa Kalemie haipatikani, inaagizwa Lubumbashi.

"Na ipi njo bei ndogo?" nikauliza.

"Inategemea, mama."

"Inategemea nini?"

"Mishipa ya papa," akasema, akimwonyesha Urbain kwa kidole.

Mimi nauza mawese sokoni tangu sijaolewa. Mteja akiniuliza bei ya chupa, nikamjibu kwamba inategemea mdomo wake, atanitukana, na haki atakuwa nayo.

Jumanne, 4 Novemba

Joto: 38. Jioni 38 na nusu.

Nimeacha bido zangu, yale madumu ya mafuta, kwa jirani, nikazunguka mafarmasi. Farmasi ya kwanza, kateta fupi ni franka elfu mbili. Ya pili, elfu tatu na mia tano, na kijana akaniambia hii ya kwake njo ya kweli.

"Kwa hiyo ile ya kule ni ya uongo?"

"Sijasema vile, mama."

Ya tatu wakaniuliza nataka rangi gani. Rangi! Iko ya waridi, ya kijani, ya bluu, ya manjano. Nikasema mimi nataka ile inayoingia katika mshipa. Wakacheka. Kumbe rangi ni ukubwa wa tundu, na hakuna mtu aliyenifungulia mdomo kuniambia.

Halafu kateta haitembei peke yake. Inataka plasta yake, bomba la sindano, maji ya chumvi ya kuisafisha, pamba, alkoli. Wengine wanataja bei kwa dola, wengine kwa franka. Na dola imeshuka, lakini vitu vilivyopandishwa bei kwa sababu ya dola vimekataa kushuka nayo. Nimeuliza sababu sehemu mbili. Hakuna aliyenijibu.

Binti yetu Laetitia anasoma Lubumbashi. Amepiga simu: kateta ndefu ni dola mia na hamsini, hapo ndege bado, na malipo ya mkono wa kuiweka bado. Nikakaa chini.

Hii franka elfu mbili, ile dola mia na hamsini. Hata mtoto wa shule ya vidudu anajua ipi ndogo. Nimechagua fupi.

Jumatano, 5 Novemba

Joto: 38. Ruben, muuguzi wa mtaa wetu, amekubali kuja kila siku. Kijana mpole, mikono safi. Leo amepata mshipa mara ya kwanza tu. Nimempa chai yenye maziwa.

Alhamisi, 6 Novemba

Joto: 38. Mvua.

Ijumaa, 7 Novemba

Joto: 38. Jioni 37 na nusu.

Wifi yangu Emerance ameshuka leo kutoka Moba. Boti lilichelewa kwa mawimbi, lakini limemshusha salama yeye, unga wake wa muhogo, maharage yake ya mlimani na maneno yake. Huyu ni dada mkubwa wa Urbain. Mama yao alikufa mapema, kwa hiyo yeye ndiye aliyemlea, na tangu ndoa yetu anamtazama kama mtoto aliyeazimwa, anayeweza kurudishwa wakati wowote.

Hajakaa hata kwenye kiti: "Kwa nini ndugu yangu iko hapa ku nyumba? Mugonjwa wa mufupa analala ku lopitali."

"Dada, bei umeuliza?"

"Bei! Huyu ni muntu, Fortunée, haiko bido ya mafuta."

Damu ikanipanda mpaka masikioni. Ni rahisi kusema hivyo mtu akiwa hashiki mfuko. Nimemwonyesha mahali pa kulala, nikaenda uani kuwasha moto ambao ulikuwa tayari unawaka.

Jumapili, 9 Novemba

Joto: 38. Mkono umevimba. Kateta iliyowekwa jana imetoka kabla ya siku zake. Ruben ameweka ingine, akachoma mara mbili.

Jumanne, 11 Novemba

Joto: 38 na nusu.

Ruben ametumia kateta tatu leo ili moja iingie. Zile mbili zilizoshindwa zinatupwa, hairuhusiwi kuzirudia, lakini zimeshalipwa. "Mishipa ya papa inakimbia," Ruben ananiambia.

Inakimbilia wapi? Nimeishi na mwanaume huyu tangu ujana, sijamwona akikimbia kitu chochote. Mshipa wake ndio uanze leo?

Jumatano, 12 Novemba

Mvua tangu alfajiri, ziwa limepanda, maji yamekata njia ya chini. Ruben amekuja kwa pikipiki ya kulipia, akaniomba nirudishe nauli. Nimerudisha. Kwa upole wake wote, kumbe mvua pia ina bei, na ni mimi ninayeilipa. Joto sikuandika asubuhi, nilisahau. Jioni 38.

Jumamosi, 15 Novemba

Joto: 38. Jioni 38.

Leo nimekaa uani kuhesabu kwa sauti, maana nikihesabu kimya napotea. Kateta ya franka elfu mbili si ya elfu mbili. Ukiweka zile zinazoharibika, na plasta, na bomba, na maji, na Ruben, na pikipiki ya Ruben, mpaka majuma sita yaishe itakuwa imeipita ile ndefu. Nikahesabu tena, nikapata kwamba haijaipita. Nikahesabu mara ya tatu, nikapata jibu ambalo halifanani na yale mawili. Kichwa kinauma.

Emerance alikuwa anachambua maharage. "Ku lopitali vyote viko ndani ya bei ya kitanda," akasema.

Basi nikafunga kitenge, nikaenda kuuliza hospitali. Bei ya kitanda ni ya kitanda. Dawa inalipwa mbali, plasta inalipwa mbali, na anayemlinda mgonjwa lazima ale. "Lakini muuguzi haumulipii pikipiki," akaniambia yule wa dirisha la kulipia, kama ananipa zawadi. Nimerudi nyumbani nikiwa na bei tatu, na kila moja inaniambia yenyewe ndiyo ndogo. Mungu wangu, kitu kidogo namna hii, huwezi hata kukiona kikianguka chini, na kimenizidi akili.

Ndipo nikakumbuka kazi yangu mwenyewe. Anayenunua mawese kwa kikombe kila siku anajiona mjanja, kumbe ndiye analipa zaidi. Anayenunua bido nzima anaumia siku moja, halafu kila chupa inamtokea bei ndogo. Kateta ndefu ndiyo bido. Kwa nini sikuliona hili siku ya kwanza?

Jumatatu, 17 Novemba

Joto: 38 na nusu. Wamama wa kikirimba chetu cha sokoni, kile tunachochangia kila juma na kupokea kwa zamu, wamekubali nipokee kabla ya zamu yangu. Sikuwa nimemaliza kueleza. Nimemtumia Laetitia pesa ya kateta ndefu. Emerance ameniuliza: "Na ukikosea tena?" Huyo anasubiri nikosee.

Alhamisi, 20 Novemba

Ndege haikutua. Mvua. Joto 38.

Ijumaa, 21 Novemba

Haikutua.

Jumamosi, 22 Novemba

Imetua. Kateta imefika ndani ya kasha refu, imefungwa kama keki ya harusi. Urbain ameishika, akaigeuzageuza. "Hii yote inaingia ndani yangu?" "Yote." Akanirudishia kasha.

Jumatatu, 24 Novemba

Joto: 38. Jioni 37 na nusu.

Dokta Bénit ameiweka mwenyewe. Halafu ikatakiwa picha ya kifua kuona kama imefika mahali pake, na picha hiyo hakuna aliyeitaja tangu mwanzo. Nimelipa. Lakini nimeona kwa macho yangu: dawa imepita laini, hakuna kuvimba, hakuna kuchoma, hakuna mshipa unaokimbia. Dokta akatuonya: "Hapa inapita dawa yake tu. Na kila mara Ruben asafishe na maji ya chumvi kabla na baada." Tukaitikia wote.

Jumatano, 26 Novemba

Joto: 37 na nusu. Urbain ameongeza ugali.

Alhamisi, 27 Novemba

37 na nusu. Emerance haruhusu mtu aguse ule mkono, hata mimi mke. Anakaa kitandani pembeni akifukuza nzi. Kumbe sasa kateta imekuwa ya kwake.

Jumamosi, 29 Novemba

Joto: 37. TRENTE-SEPT! Nimeliandika mara mbili ili nilisome mara mbili.

Jumapili, 30 Novemba

Joto: 37. Jioni 37.

Shirika letu, ile jumuiya ndogo ya parokia, limekuja kumtembelea Urbain baada ya misa. Nimekopa mabenchi kwa jirani. Zamani shirika lilikuja na sukari na sabuni. Siku hizi linaleta seramu, ile chupa ya maji ya vitamini ya manjano, pamoja na kalsiamu ya kuongeza ndani, ili mgonjwa apate nguvu. Mgonjwa ambaye shirika halikumletea seramu, watu wanaulizana amewakosea nini. Mama Adrienne, presida wetu, alikuwa msaidizi wa zahanati zamani, kwa hiyo yeye ndiye anayeitundika.

Alikuwa na kateta fupi mkobani, tayari kuchoma. Akauona mkono wa Urbain, uso ukamng'aa. "Kumbe mulango uko wazi!"

"Hapana," Emerance akasema. "Docteur alisema hapa inapita dawa yake tu."

"Vitamini si dawa, mama. Ni chakula."

"Hapana, nasema."

Mama Adrienne akanitazama. Mabenchi yote yakanitazama. Nami nikafikiri hivi, naandika kama nilivyofikiri: mlango huu umenila dola mia na hamsini na zaidi, na kwa siku unapitisha dawa moja, halafu unalala umefungwa mpaka kesho. Vitamini zikipita, kalsiamu ikipita, si ndiyo bei ya kila kitu inashuka? Bido ukiinunua unaitumia, huiachi uani kuitazama. Na tena, nitawarudishaje watu na zawadi yao mkononi, mbele ya Mama Adrienne?

"Wekeni," nikasema.

"Fortunée," Emerance akaniita. Hilo tu.

Nikamwambia kwa sauti, mbele ya wote, kwamba katika nyumba hii aliyenunua mlango ndiye anayesema nani aingie. Watu wakacheka kidogo, wakaanza wimbo. Chupa ikaisha polepole. Mama Adrienne akaifungua, akafunga mrija vizuri, tukagawa chai.

Jumatatu, 1 Desemba

Ruben amekuja asubuhi. Akachanganya dawa kwanza, akaunganisha maji ya chumvi, akasukuma, hayakwenda. Akasukuma kidogo tena. "Mama, nani amepitisha kitu hapa?" Akavuta, akajaribu, yakasogea kidogo, akafurahi, akatia dawa. Ikasimama katikati. Ndani ya mrija tukaona punje nyeupe, kama chokaa iliyomwagikiwa na maji.

Pikipiki. Hospitali. Dokta Bénit akauliza, nami nikasema yote, sauti yangu nikiisikia kama ya mtu mwingine. Akasema dawa ya Urbain na kalsiamu havipatani, vikikutana vinaganda, na kwamba tumepata bahati havikufika kwenye mapafu. Kateta haiponyeki. Akaivuta, ndefu, ndefu, mpaka ikaisha, akaiweka kwenye beseni la chuma. Pesa ya wamama wote wa kikirimba ikalala pale ndani ya beseni, ina damu kidogo.

Hakunipigia kelele. Ningependa angenipigia. Nikatoka uani mwa hospitali, nikalia nimeshika ukuta, sijui muda gani. Niliporudi Urbain alikuwa amesimama na magongo yake karibu na dirisha la kulipia, akasema alikuwa anapunga hewa.

Sielewi. Nimehesabu vizuri. Hesabu yenyewe ilikuwa sawa.

Jumanne, 2 Desemba

38 na nusu. Jioni 39. Ruben amechoma mikono yote miwili, hakupata. Leo ni siku bila dawa.

Jumatano, 3 Desemba

39 na nusu, anatetemeka kitanda kizima. Tumempeleka hospitali. Wakataka amana ya dola mia mbili kabla ya kumpa kitanda. Nikafungua mkoba mbele ya dirisha, nikaufunga. Sikuwa na kitu.

Emerance akanisogeza kwa bega, akahesabu noti zilizokunjwa ndani ya kitambaa, akalipa. Pesa amezitoa wapi? Huyu alikuja na unga na maharage. Sikuuliza, hakusema. Wala hakusema lile neno, "nilikuambia." Nimelingoja siku nzima. Jibu nilikuwa nimeliandaa, kali, la kumkata maini. Halikuhitajika. Mwanamke huyu simwelewi kabisa.

Ijumaa, 5 Desemba

39. Wamepata mshipa katika mguu ule mzima. Dokta ameniita pembeni: tungoje mpaka Jumatatu. Joto lisiposhuka, wanakata, maana usaha ukiingia kwenye damu hatutapoteza mguu tu.

Emerance amelala kwenye mkeka, si pembeni ya kitanda kama walinzi wengine wa wagonjwa, bali mlangoni kabisa mwa chumba, na watu wanamruka. Kila Urbain akigusa magongo anaamka: "Unaenda wapi?" "Choo." "Nakusindikiza." Nimemwambia aende nyumbani apumzike, mimi nipo. Amekataa. Nimeelewa: anamlinda ndugu yake nisije nikamfungulia tena mtu mlango. Imeniuma, lakini ni haki yake.

Jumapili, 7 Desemba

38 na nusu.

Shirika limekuja, mikono mitupu. Mama Adrienne amebaki uani analia, hataki kuingia. Kwanza nikafurahi alie. Halafu nikamwona amezeeka tangu Jumapili ile, nikatoka, nikamshika mkono. "Mimi njo nilisema wekeni," nikamwambia. "Ingia umusalimie." Akaingia. Urbain akamwomba amwimbie, na akaimba vibaya kwa sababu ya machozi.

Jumatatu, 8 Desemba

Asubuhi 38. Dokta amekuja, ametazama, amebonyeza, amenusa bandeji. "Tungoje tena kidogo." Kidogo gani? Hiyo ni ndiyo au hapana? Nimemfuata mpaka mwisho wa varanda, akaniambia: "Mama, mimi pia sijui." Ni mara ya kwanza mtu kuniambia jambo ninaloelewa tangu haya yaanze.

Jumanne, 9 Desemba

37 na nusu. Sisemi kitu.

Alhamisi, 11 Desemba

37 na nusu. Mvua imepiga bati mpaka hatusikilizani. Urbain amelala katikati ya kelele zote.

Ijumaa, 12 Desemba

37.

Jumatatu, 15 Desemba

Joto: 37. Jioni 37.

Dokta Bénit amekuja na majibu mawili. La kwanza, damu: ubaya uliokuwemo umeshuka sana. La pili, ule usaha uliotumwa Lubumbashi mwanzoni, majibu yake yamefika sasa, na mdudu amejulikana kwa jina. "Kwa hiyo hatuhitaji mushipa tena," akasema. "Atamaliza na vidonge, nyumbani."

"Vidonge?"

"Vidonge, mama. Asubuhi na jioni."

"Vya kumeza na maji?"

"Vya kumeza na maji."

Nikamuuliza vidonge hivyo vilikuwa wapi tangu tarehe tatu Novemba. Akanieleza kwa uvumilivu: mwanzo ilibidi kumpiga mdudu kwa nguvu kupitia mshipani, na bila kumjua jina hakuweza kuchagua kidonge cha kumfaa. Nusu nimeelewa. Nusu nimeitikia tu. Nikauliza bei, akaitaja, na bei ya vidonge vya siku moja haifiki pikipiki ya Ruben ya siku ya mvua. Nikaanza kucheka. Nilicheka vibaya, mpaka wagonjwa wakainuka kunitazama. Emerance akanikazia macho, midomo ikamcheza, naye akaangua kicheko, akajifunika uso na kitenge. Tangu niolewe sijawahi kucheka na mwanamke huyu.

Alhamisi, 18 Desemba

37.

Leo tumetoka hospitali. Emerance akaenda barabarani kutafuta pikipiki nzuri ya kumbeba Urbain, nami nikaenda dirishani kumaliza hesabu. Tumebakiwa na deni, tutalipa kidogo kidogo, wamekubali. Nilikuwa nageuka kuondoka, yule wa dirishani akaniita.

"Mama, na ile ingine? Tufute?"

"Ingine gani?"

"Ile ya kukata. Papa alikuja kuuliza bei, siku walimutoa kateta. Nilimuambia, akasema anaenda kutafuta pesa, nimuwekee nafasi kwa Docteur."

Nilishika ukingo wa dirisha. Yule mtu akaendelea kusema jambo, sikulisikia. Nikaenda kwenye benchi, Urbain amekaa hapo, amevaa viatu vyote viwili kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa nane, anavitazama kama vya mtu mwingine.

"Uliuliza bei ya kukata mguu wako?"

Hakukana. Akasema taratibu, "Wewe ulikuwa unalinganisha kila siku. Mimi pia nikalinganisha. Kukata njo bei moja, mara moja. Hakuna plasta, hakuna bomba, hakuna pikipiki ya mvua. Ulikuwa unahesabu pale uani kwa sauti, Fortunée. Mimi nilikuwa chumbani, sikuwa nalala. Nikaona kateta zimepita bei ya muguu."

"Na pesa ungetoa wapi?"

"Nilimuomba dada. Siku ile ile."

"Akasemaje?"

"Akasema pesa anayo, ya mabati ya nyumba yake ku Moba, na haitanunua kisu. Akaapa nikisogea tena ku lile dirisha atanivunja na ule muzima. Halafu wewe ulikuwa hapo alipoilipa kitanda."

Basi hivyo. Ule mkeka mlangoni. Si mimi niliyekuwa nalindwa nisiingize watu. Ni Urbain, asitoke.

Nikakaa kwenye benchi kando yake. Hasira ilinijaa hata sikujua nimkasirikie nani: yeye, au mimi na mdomo wangu wa kuhesabia, au vile vimrija vya rangi rangi. Majuma yote hayo nilidhani nahesabu ili mguu ubaki. Yeye kila namba aliisikia kama naitoa kwenye mguu. Nikalia mbele za watu, kamasi na yote, sikujali. Urbain akanipigapiga mgongo kwa mkono ule ule wa kateta.

"Usilie. Nilikuwa nataka kuwapunguzia."

"Nyamaza!" Nikajifuta na ncha ya kitenge. "Siku ingine ukitaka kuuza kitu cha nyumba yangu, unaniuliza kwanza. Umesikia?"

"Muguu njo kitu cha nyumba?"

"Njo cha nyumba. Si chako peke yako."

Nje Emerance alikuwa ameshaanza kugombana bei na mtu wa pikipiki, sauti yake inafika mpaka kwetu. Urbain akaweka magongo pembeni, akaninyooshea mkono.

"Basi kama ni wetu," akasema, "nisaidie kuusimamisha."